Nyumba Moja, Mita Moja: Kanuni za Kukaa Mtandaoni

Wasikilizaji wa Kigoma, mwisho wa reli, sogezeni redio karibu, maana jambo la leo linamgusa kila mwenye simu, na linamgusa hata asiye na simu ikiwa ana mtoto anayejaziwa fomu steshenari.

Jambo lenyewe ni kanuni za kutumia intaneti, pamoja na kanuni za wale wanaopanga nafasi ya kuweka tovuti zao. Ni yale maandishi marefu yanayojitokeza kwenye kioo kabla ya mtu kubonyeza neno "nakubali". Nani katika nyumba yako aliwahi kuyasoma mpaka mwisho? Na kama hakuna aliyeyasoma, nyumba nzima imekubali nini?

Tuanzie hapa hapa nyumbani. Nenda steshenari yoyote ya Mwanga msimu ule wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Foleni ya vijana waliomaliza kidato cha sita inatoka mlangoni hadi barazani. Kila mmoja ameshika bahasha: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mzazi, picha ndogo, namba ya NIDA. Ndani kuna kompyuta mbili, printa moja, na kijana mmoja anayefanya yote. Anamfungulia mteja barua pepe, anamchagulia nenosiri, mara nyingi jina la mteja na mwaka wa kuzaliwa, kisha analiandika kwenye daftari la kaunta "ili usije ukalisahau". Vyeti vinapigwa skani na kubaki kwenye kompyuta. Flashi inatoka mashine hii inaingia ile. Ikifika jioni, faili moja kwenye kioo cha mbele lina vyeti vya kuzaliwa vya vijana wa mitaa mitatu.

Kijana huyo si mwizi. Anasaidia watu, na wengi wasingeupata huo mkopo bila yeye. Lakini lile daftari, msikilizaji, ni hatari kuliko kisu. Atakayelipata ana funguo za barua pepe za watu wasiomjua. Akiingia kwenye barua pepe anaomba nenosiri jipya la akaunti ya mkopo, la maombi ya ajira, la mitandao ya kijamii, na kila kitu kinamfungukia.

Nchi hii sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kuisimamia. Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya mabenki na makampuni makubwa tu. Anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda, awe na jengo la ghorofa au awe na meza na printa. Basi kwa steshenari kanuni ni hizi, na si ngumu: mteja aandike nenosiri lake mwenyewe, kwa vidole vyake. Kazi ikiisha, akaunti ifungwe mteja akiwa bado amesimama pale. Vyeti vyake vifutwe mbele ya macho yake. Na daftari la manenosiri lichomwe moto, lisifungwe kabatini.

Turudie hapo, kwa wanaoingia sasa hivi: nenosiri liandikwe na mwenyewe, akaunti ifungwe, vyeti vifutwe.

Sasa mtu atauliza: nenosiri ni langu, barua pepe ni yangu, nikizembea si ninaumia mimi tu? Hapana. Na hili ndilo jambo kuu la mazungumzo ya leo. Mtandao ni mali ya kuchangia. Uzembe wa mmoja unalipwa na jirani.

Fikiria intaneti inavyofika hapa. Inaingia nchini kwa nyaya zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, inatua Dar es Salaam, kisha inasafiri na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaoendeshwa na TTCL mpaka huku magharibi. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kusini mwa bahari hiyo. Msumbiji, Malawi, Tanzania na Kenya, zote zikasota. Mwenye duka Mwanga aliyeona simu inazungukazunguka bila kufungua kitu alikuwa kwenye foleni moja na mwenye benki Nairobi. Njia ni moja.

Kwa sababu njia ni moja, kanuni za kuitumia ni za zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1978, wakati mtandao wa ARPANET wa Marekani ulipokuwa na watumiaji wachache sana, mtu mmoja wa kampuni ya kompyuta alituma tangazo la biashara kwa mamia ya watumiaji kwa mpigo mmoja. Alikemewa vikali, na mpaka leo huhesabiwa kuwa mtu wa kwanza kutuma barua taka. Miaka kumi baadaye, Novemba 1988, mwanafunzi Robert Morris aliachia programu iliyojinakili yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Alisema hakukusudia madhara. Maelfu ya mashine za vyuo na taasisi zikalemewa, naye akatiwa hatiani mahakamani. Tangu hapo imejulikana wazi kwamba mtandaoni kutokukusudia hakumrudishii jirani alichopoteza.

Tuingie kwenye tovuti, maana hapa ndipo wengi hawajui kabisa kinachoendelea.

Tovuti haikai hewani. Inakaa ndani ya kompyuta kubwa inayoitwa seva, inayowaka usiku na mchana, pengine Dar es Salaam, pengine Ujerumani au Marekani. Mwenye nyumba ya wageni, mwenye shule, mwenye kikundi cha kusindika mawese, wote hupanga nafasi humo na kulipa kwa mwaka. Na kwa kuwa seva nzima ni ghali, wengi hupanga kwa pamoja: seva moja, mamia ya tovuti, na mara nyingi anwani moja ya mtandao kwa wote.

Anayejua maisha ya wapangaji wa Mwanga ataelewa mara moja. Nyumba ina vyumba sita, mita ya LUKU ni moja, watu wanachanga. Mpangaji mmoja akiingiza jiko la umeme kimyakimya, uniti zinakwisha saa tatu usiku na nyumba nzima inalala gizani, pamoja na yule aliyekuwa wa kwanza kutoa mchango. Seva ya kuchangia ndivyo ilivyo. Tovuti moja ikila nguvu zote za mashine, nyingine zinakuwa nzito. Ndiyo maana mkataba unasema usiifanye nafasi hiyo ghala la sinema, usitume maelfu ya barua pepe kwa saa, usiendeshe programu inayokula mashine.

Lakini kuna kubwa kuliko nguvu za mashine, nalo ni sifa ya ile anwani. Duniani kuna asasi, mojawapo ni Spamhaus iliyoanzishwa mwaka 1998, ambazo kazi yake ni kuweka orodha ya anwani zinazotapakaza barua taka na utapeli. Watoa huduma wakubwa wa barua pepe huziangalia orodha hizo kabla ya kupokea barua yoyote. Anwani ikishaingia humo, barua zinazotoka kwake zinakataliwa mlangoni au zinatupwa jalalani.

Chukulia mama mwenye nyumba ya wageni ambaye wateja wake ni watalii wanaokwenda kuangalia sokwe Gombe na Mahale. Mgeni anaandika kutoka Ulaya, anauliza chumba. Mama anajibu siku ile ile. Jibu halifiki. Anaandika tena, halifiki. Mgeni anaona kimya, anatafuta pengine. Mama anasema biashara imekuwa mbaya mwaka huu. Kumbe kwenye seva ile ile kuna tovuti ya mtu asiyemjua, iliyodukuliwa, inayotuma barua za kitapeli elfu kwa elfu, na anwani wanayoitumia wote imewekwa kwenye orodha. Mama hakutuma hata barua taka moja. Analipia ya jirani.

Na yule jirani, je, ni mhalifu? Mara nyingi sivyo. Ni mtu aliyetengenezewa tovuti na fundi miaka mitatu iliyopita na hajaigusa tangu hapo. Programu iliyoiendesha imepitwa na wakati, matundu yake yanajulikana dunia nzima. Au fundi aliona muundo mzuri wa tovuti unaouzwa, akautafuta wa bure kwa njia za panya, akaubandika. Muundo wa wizi huja na mlango wa uani uliofichwa humo na aliyeuiba. Mdukuzi hahitaji kuvunja; anafungua na kuingia.

Hapa vijana mafundi wa Kigoma wanaombwa wasikilize kwa makini. Kazi yenu ni nzuri na mkoa unaihitaji. Ila tovuti hukabidhiwa kama mtumbwi: anayeutengeneza humwambia mwenyewe unavyotunzwa. Mwambieni mteja kwamba programu zinahitaji kuhuishwa, kwamba nakala ya akiba iwekwe mahali pengine mbali na seva ile, kwamba nenosiri libadilishwe siku ya makabidhiano. Na jambo ambalo limewatoa watu machozi: jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la mwenye biashara.

Kwa nini? Majina yote yanayoishia tz yana daftari lake la taifa, na yanasajiliwa kupitia kampuni zilizoidhinishwa. Mwenye jina ni yule aliyeandikwa kwenye usajili. Kulipa pesa peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwenye jina. Fundi akijiandika yeye, na barua pepe ya mawasiliano ikawa yake, siku akihamia Dodoma au akabadilisha namba, taarifa za kulipia upya zitamfuata yeye. Muda unakwisha, jina linaachiwa, mtu mwingine analichukua. Wateja wa zamani wanaoandika jina la shule au la hoteli wanakutana na kamari. Kwa hiyo msikilizaji mwenye tovuti, kesho asubuhi mwulize fundi wako swali moja tu: jina letu limesajiliwa kwa nani? Kama jibu linasitasita, usimwache mpaka akuonyeshe.

Kampuni inayokodisha seva ikigundua tovuti fulani inatuma utapeli, mkataba unairuhusu kuifunga. Wengi hulalamika wakisema wameonewa. Ukweli usemwe: kufunga tovuti iliyodukuliwa ni kuwatendea haki wapangaji wengine. Lakini haki hiyo ina masharti. Kampuni imjulishe mwenye tovuti imefunga nini na kwa nini, isimnyime nakala ya mafaili yake, na impe nafasi ya kusafisha na kurudi. Kampuni inayofunga na kunyamaza, huku pesa ya mwaka mzima imeshapokewa, inavunja adabu ile ile inayoidai kwa mteja.

Kuna mfano kutoka Afrika Magharibi unaofaa kusikika hapa. Mwaka 2016 kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia ilishambuliwa kwa mafuriko ya data, na intaneti ya wateja wake ikavurugika. Aliyefanya hivyo alikuwa Mwingereza mmoja, Daniel Kaye, aliyelipwa na mtu wa kampuni shindani. Hakuwa na jeshi wala mitambo mikubwa. Alitumia vifaa vya watu wengine, kamera za ulinzi na ruta za intaneti zilizotapakaa duniani, ambazo wenyewe walizifunga ukutani na kuziacha na nenosiri lililotoka nalo kiwandani. Vifaa hivyo vikaamriwa kupiga mlango wa Lonestar vyote kwa pamoja. Januari 2019 mahakama ya London ilimhukumu kifungo cha miaka miwili na miezi minane.

Wenye zile kamera walijua? Wapi. Kamera iliendelea kuonyesha picha ya duka kama kawaida. Na sasa swali liende kwa wafanyabiashara wa Lumumba na Mwanga: ile kamera uliyofungiwa mwaka jana, fundi alibadilisha nenosiri? Au bado ni "admin"? Hili si kosa dogo. Ni kumkabidhi mgeni usiyemjua rungu la kumpigia mtu usiyemjua.

Tupumue kidogo, halafu tuzungumze juu ya laini za simu.

Usajili kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019, na Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa. Nia ilikuwa njema: kila namba iwe na mwenyewe. Lakini watu wamepata mbinu. Wakala wa mtaani anakuambia kidole hakijasoma, weka tena, weka tena, na tena. Unaondoka na laini moja, jina lako limebeba mbili au tatu. Ile ya ziada ndiyo inayoandika "ile pesa tuma kwenye namba hii". Polisi wakiifuatilia, wanafika kwako. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, imeweka njia ya kuangalia namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako: ni kubonyeza *106# na kufuata maelekezo. Kama kuna namba usiyoitambua, nenda ofisi ya kampuni husika ukaikatae rasmi.

Utapeli wa mkoa huu una sura yake pia. Kigoma imebeba wakimbizi kwa miongo mingi, na kambi ya Nyarugusu ina watu wanaosubiri kwa hamu habari ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Matapeli wanalijua hilo. Wanatengeneza ukurasa wenye nembo ya UNHCR, shirika la wakimbizi, wanaomba "ada ya faili" kupitia simu. Isemwe polepole ili kila mtu aisikie: huduma zote za UNHCR ni bure. Hakuna ada ya faili, hakuna ada ya usaili, hakuna ya kuharakisha. Anayeomba pesa kwa jina hilo ni tapeli, hata akiwa na nembo inayong'aa. Na kwa vijana wanaosaka ajira serikalini, tazameni mwisho wa jina la tovuti. Tovuti za Serikali ya Tanzania huishia go.tz, na jina hilo halitolewi kwa mtu wa kawaida. Ukiona tangazo la ajira za serikali kwenye jina lenye mkia mwingine, huku likikuomba pesa ya fomu, liache.

Tugeukie uvumi. Stanley alipomkuta Livingstone hapo Ujiji mwaka 1871, dunia ilikaa mpaka mwaka uliofuata ndipo ikapata habari. Leo sauti iliyorekodiwa Uvira inasikika Gungu kabla chai haijapoa, na inasambazwa na watu ambao hawajui nani aliyeirekodi. Ng'ambo ya ziwa letu, nchini Kongo, tumeona jambo hili linavyoua. Ebola ilipozuka Kivu Kaskazini Agosti 2018, maneno yalienea kwamba ugonjwa haupo, kwamba ni biashara ya wageni. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Aprili mwaka huo daktari aliyekuja kusaidia aliuawa akiwa hospitalini Butembo. Mlipuko ulipotangazwa kwisha Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamefariki. Uvumi haukuwa sababu pekee, kwa kuwa eneo lile lilikuwa vitani na watu walikuwa na machungu ya muda mrefu. Lakini kila aliyesambaza ujumbe bila kuuliza aliongeza kuni.

Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika Septemba 2015, inaadhibu kuchapisha taarifa za uongo kwa kujua. Inaadhibu pia kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini, kujifanya mtu mwingine, kumnyanyasa mtu mtandaoni, kumsumbua kwa jumbe asizoziomba, na kutumia kazi ya mtu bila haki. Hilo la mwisho liwaguse wanaoingiza nyimbo kwenye flashi na kuzipandisha mtandaoni kama zao. Wasanii wa Kigoma walioimba "Leka Dutigite" mwaka 2012 waliutangaza mkoa huu. Kuwaibia jasho ni kuwaibia ndugu.

Je, kila kanuni iliyowekwa ni ya haki? Mazungumzo ya kweli lazima yaguse na hapa. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe jumla ya zaidi ya shilingi milioni mbili ili aruhusiwe kuandika. Kijana wa Ujiji anayeandika habari za bei ya migebuka angeitoa wapi? Wengine walifunga, wengine wakajificha. Marekebisho ya baadaye yamepunguza mzigo, na hilo ni jema, lakini somo lichukuliwe na wanaotunga kanuni: masharti yasiyolipika huwafukuza waaminifu kwanza.

Na ipo kesi ya Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums. Desemba 2016 alifikishwa mahakamani Dar es Salaam kwa kutotoa taarifa ambazo polisi walizitaka, na pia kwa kuendesha tovuti ambayo haikusajiliwa chini ya jina la tz. Aprili 2020 alitiwa hatiani katika shauri mojawapo la kuzuia uchunguzi, akatozwa faini. Watu wengi waliamini kwamba angeilinda siri ya anayeandika pale, naye akabeba gharama ya imani hiyo. Mwenye kuhifadhi maandishi ya watu amebanwa pande mbili: akifungua kabati kwa kila anayegonga, amewasaliti wateja, akilifunga hata mbele ya amri halali, anavunja sheria. Sheria ile ile ya 2015 imekiri ugumu huo. Haimlazimishi mtoa huduma kuchungulia kila kitu cha wateja wake, na inamwepusha anayehifadhi tovuti na kosa la mteja wake, ilimradi akipata amri ya kuondoa kitu haramu achukue hatua mara moja. Kinachotakiwa ni amri iliyo wazi, iliyotolewa na mwenye mamlaka, inayotaja kinachotafutwa na sababu yake. Hapo mtandao unakuwa na ulinzi na raia anabaki na siri zake.

Limebaki jambo moja, na pengine ndilo linalouma zaidi. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Mzee wa Bangwe leo anaweza kuomba haki yake kwa lugha anayoielewa. Lakini mikataba mingi ya kupanga nafasi ya tovuti, na masharti mengi ya programu za simu, bado ni kurasa kumi na tano za Kiingereza cha wanasheria. Muuza dagaa wa Katonga anabonyeza "nakubali" kwa kitu ambacho hakuna aliyemsomea. Kisha akikosea anaambiwa alikubali mwenyewe. Hii si sawa. Kampuni inayoweza kuandika matangazo ya bando kwa Kiswahili kitamu namna ile haishindwi kuandika ukurasa mmoja wa kanuni kwa Kiswahili hicho hicho: usifanye hiki, ukifanya tutafanya hiki, ukionewa piga namba hii. TCRA nayo iwe na sauti hapo, izidai kampuni ukurasa huo kama inavyozidai usajili wa laini.

Wakati huo wote tukisubiri, wenye steshenari wa Mwanga hawana haja ya kusubiri mtu. Karatasi moja, maandishi makubwa, ukutani juu ya kompyuta: mteja ataandika nenosiri mwenyewe, mafaili yake yatafutwa akiondoka, haturuhusu kuingia akaunti ya mwingine. Wazazi nao waisome kabla ya kutoa pesa, na wakiona haipo waulize.

Muda wetu umekwisha, msikilizaji. Ukipokea ujumbe wa kitapeli, usiufute kwa hasira. Upeleke 15040, fuata maelekezo yatakayorudi, taja namba iliyokutumia. Tovuti yako ikivamiwa, mjulishe anayekukodisha seva siku hiyo hiyo, na kama madhara ni makubwa kipo kitengo cha taifa cha dharura za kompyuta, TZ-CERT, kilicho chini ya TCRA. Na kabla hujalala leo, chukua simu yako, bonyeza *106#, uone ni namba ngapi zinatembea kwa jina lako.